Kabla Haijaitwa Lugalo

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, nanyi vijana mliojaa huko nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie historia na kazi ya makao makuu ya jeshi letu. Wanaonifahamu wanajua sitaanzia Upanga, kwenye makao makuu yenyewe. Nitaanzia Lugalo, kama nilivyofanya kila nilipopewa kipaza sauti, na nitaendelea kufanya hivyo mpaka siku nitakapokuta mtoto wa sekondari anayenijibu sawasawa.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala, Barabara ya Bagamoyo. Tumepita Mwenge, konda anaita, "Lugalo, wa Lugalo washuke!" Pembeni yangu ameketi binti na mkoba wa vitabu, mwanafunzi wa chuo. Nikamuuliza, "Mwanangu, Lugalo ni nini?" Akasema, "Hospitali ya jeshi, babu." Sawa, na kabla ya hospitali? "Kambi." Na kabla ya kambi kuitwa hivyo? Akafikiri, binti wa watu, kwa adabu kabisa, kisha akasema labda ni jina la mtu aliyekuwa na shamba pale. Sikumcheka. Nilishuka na uchungu, maana anapita pale kila siku ya Mungu na hakuna aliyewahi kumwambia.

Lugalo ipo Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, mtu aliyejulikana huku kwetu kwa jina la Nyundo, alikuwa anaongoza msafara mrefu kuingia Uhehe. Askari, wapagazi, punda, mizinga ikiwa bado mizigoni. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamelala majanini kando ya njia. Ukasikika mlio mmoja wa bunduki, halafu mikuki. Mapigano yenyewe yalichukua dakika kama kumi hivi. Zelewski akauawa, Wajerumani wenzake wengi wakauawa pamoja naye, na askari wao kwa mamia. Bunduki karibu 300 zikachukuliwa na Wahehe. Dola iliyojiona haigusiki ilichapwa na watu wa mikuki na ngao, na habari ikafika Berlin.

Najua yaliyofuata. Kalenga iliangushwa mwaka 1894, Mkwawa akajiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, na fuvu lake halikurudi nyumbani mpaka 1954. Hayo mnayajua, siyarudii. Ninachotaka mkishike ni kwamba jina la Lugalo lilitolewa Uhehe likaletwa pwani, likabandikwa kwenye lango la kambi kwa makusudi, kwa sababu lango lile lilikuwa na jina jingine, na jina lile lilikuwa limeingia doa.

Kambi iliitwa Colito. Jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa askari, alikufa akiita "Kolito". Wajukuu walikuwa wanamsahihisha, "Babu, ni Lugalo," naye anasema, "Nyie mmeikuta Lugalo."

Colito iko Ethiopia. Tarehe 19 Mei 1941 kikosi cha Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kilipigana pale na Waitaliano, na Sajini Nigel Leakey akarukia kifaru cha adui akaua waliokuwa ndani isipokuwa dereva. Hakuonekana tena, na Waingereza wakampa nishani yao ya juu kabisa, Victoria Cross. Kile kilikuwa kikosi cha Keya cha sita, yaani Keya ya Tanganyika. Ndiyo sababu kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito, na ile ya Tabora ikaitwa Kalewa, jina la Burma.

Hapa kuna mtu huwa anasimama, na leo naona hajaja, kwa hiyo nitamsemea. Husema: "Mwalimu, waliopigana Colito si baba zetu? Kwa nini tufute jina lao?" Swali la haki. Waliokwenda kupigana mpaka Ethiopia walikuwa watoto wa Wanyamwezi, Wahehe, Wangoni, Wakuria, na damu yao ilimwagika. Lakini nani alipewa nishani, na nani anakumbukwa kwa jina? Hata Lugalo, tuseme kweli, waliokufa upande wa Zelewski wengi wao walikuwa Waafrika, Wasudani na watu wa Msumbiji waliokodiwa. Kule Lugalo ya Iringa kuna mnara, Wajerumani waliujenga kwa ajili ya watu wao. Askari mweusi amekufa pande zote mbili za historia hii na mara nyingi hakuandikwa. Kwa hiyo simpingi ndugu yangu. Namwambia tu kwamba jina la kambi huwa linasema askari wake anamtumikia nani, na Colito lilisema anamtumikia Mfalme wa Uingereza.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Januari 1964. Zanzibar ilikuwa imepindua siku nane kabla. Bara tuna miaka miwili ya uhuru, bendera yetu, wimbo wetu, lakini jeshi linaitwa Tanganyika Rifles, na kamanda wake ni Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari wa kawaida anapata shilingi 105 kwa mwezi. Anataka 260, na anataka kuona Mwafrika mwenzake akiwa ofisa. Kikosi cha Kwanza pale Colito kikaamka usiku wa manane. Wakavunja ghala la silaha, wakawakamata maofisa wao Waingereza mmoja mmoja, wakawafungia kota gadi.

Hebu mtazame hiyo kota gadi. Ni chumba cha walinzi kilicho langoni, na ndiko anakofungiwa askari aliyekunywa akachelewa kurudi. Usiku ule waliofungiwa ni wale waliozoea kutoa amri ya kufunga. Wengine wakapanda magari wakaingia mjini: Ikulu, redio, simu, uwanja wa ndege. Mwalimu Nyerere na makamu wake, Kawawa, wakafichwa. Kariakoo maduka yakavunjwa na watu wakafa.

Aliyekwenda kuzungumza na askari ni Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi. Alikwenda mwenyewe, mpaka Colito, katikati ya bunduki. Wengi wamemsema Kambona kwa mengi yaliyokuja baadaye, mimi kwa siku ile namvulia kofia. Lakini jiulizeni: kwa nini alikwenda waziri? Mbona hakwenda jenerali?

Hakukuwa na jenerali. Hakukuwa na Mtanganyika mwenye cheo cha kutosha kusimama mbele ya kombania akasema "tulieni" wakatulia. Serikali ilikuwa huku, kambi iko kule, na katikati palikuwa na Mwingereza mmoja ambaye alfajiri ile ilibidi akimbie. Hapo mnaelewa makao makuu ya jeshi ni kitu gani. Watu wanafikiri ni ukuta mrefu na geti na askari anayekukataza kupiga picha. Makao makuu ndiyo yaliyokosekana tarehe 20 Januari 1964: watu wa nchi hii wenyewe, wanaopokea amri ya serikali iliyochaguliwa na kuishusha hadi kwa askari wa mwisho, kisha wanaipandisha juu shida ya askari wa mwisho kabla haijawa maasi. Hilo la pili watu hulisahau. Shilingi 105 zilikuwa zinalalamikiwa siku nyingi, ila hapakuwa na masikio yetu ndani ya kambi.

Maasi yakaenda Tabora, kisha Jinja kule Uganda, kisha Lanet kule Kenya, yote ndani ya wiki moja. Jumamosi tarehe 25, Mwalimu akiwa ameshaomba msaada kwa Waingereza, jambo lililomuuma sana, helikopta zikaruka alfajiri kutoka meli ya HMS Centaur zikatua Colito. Brigedia Douglas akashika kipaza sauti akawataka askari wake wa jana watoke. Hawakutoka. Ikapigwa roketi, ikaipiga kota gadi, chumba kile kile. Askari kadhaa wakafa, wengine wakatoka mikono juu, wengine wakakimbilia porini. Jeshi la Tanganyika likawa limekwisha kabla jua halijapanda.

"Mwalimu, mbona unafukua aibu?" Nimeulizwa hilo mara nyingi, na mara moja niliulizwa na mtu mwenye nyota mabegani. Nafukua kwa sababu kilichojengwa baadaye hakieleweki bila hicho. Mwalimu Nyerere angeweza kuwafukuza viongozi wa maasi na kuwabakiza wengine. Alivunja jeshi zima. Februari akawaita mawaziri wa nchi huru za Afrika hapa hapa Dar es Salaam, awaeleze ilikuwaje nchi huru ikamwita mkoloni wa jana. Aprili wakaja askari wa Nigeria wakashika lindo badala ya Waingereza, wakakaa hadi Septemba. Wakati huo vijana wanaandikishwa upya, kupitia TANU, kupitia Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwa limeanzishwa 10 Julai 1963. Na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Wananchi! Hilo neno halikuwekwa kwa urembo. Mkuu wake wa kwanza akawa Mirisho Sarakikya, kijana aliyesomea Sandhurst, akaliongoza miaka kumi.

Na Colito ikawa Lugalo. Ukilisikia jina hilo sasa, nadhani unalisikia vingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Upanga basi, kwa kifupi. Ngome, kama tunavyoiita, ndipo amri ya Amiri Jeshi Mkuu inapopokewa na Mkuu wa Majeshi, na chini yake Mnadhimu Mkuu anayefanya shughuli ziende siku hadi siku, halafu kamandi: Nchi Kavu, Anga, Majini. Mfano mzuri ni 1978, vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Mwalimu aliposema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, kuna watu walilazimika kuugeuza uwezo huo kuwa magari, mafuta, unga, mgambo wa kila mkoa na barabara ya kufika Kagera kwenye mvua. Hiyo ndiyo kazi ya makao makuu, na ingestahili mhadhara wake. Miaka 14 tu kabla ya hapo hatukuwa na mtu wa kwenda kuzungumza na kikosi kimoja.

Kulikuwa na suala la kambi kuzungukwa na mji, Mbagala Aprili 2009, Gongo la Mboto Februari 2011, mabomu yakalipuka watu wakafa majumbani mwao. Sina muda wa kulitendea haki leo na sitaki kuligusa juujuu mbele ya waliofiwa. Niiteni tena.

Ila Kikombo siwezi kuiacha. Makao makuu mapya yanajengwa kule Dodoma, na mimi naunga mkono. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973. Hofu yangu ni moja. Tunapohama, tunahamisha mafaili na samani, na hadithi inabaki kwenye jengo la zamani na wazee wanaokufa. Askari atakayekula kiapo Kikombo, amezaliwa 2005, nani atamwambia kwamba kuna wiki moja ya Januari iliyolimaliza jeshi la nchi hii?

Kwa hiyo ombi langu ni lile lile, nimeliandika kwa wahusika zaidi ya mara moja. Pale Lugalo, nje ya geti, upande wa kituo cha daladala, liwekwe bamba la shaba. Si lazima liwe kubwa. Liandikwe Lugalo ni nini, liandikwe Colito ilikuwa nini, na tarehe tatu: 17 Agosti 1891, 20 Januari 1964, 1 Septemba 1964. Liwekwe kwenye kimo ambacho mtu aliyeketi dirishani atalisoma gari likisimama.

Nimalizie hapo tuingie kwenye maswali. Yule kijana wa shati la bluu ameinua mkono tangu nilipomtaja Kambona. Mpeni kipaza sauti.