Jiwe Hili Kalitengeneza Nani?

Mhadhara wa wazi kwa walimu, wanafunzi na waongoza watalii, Fort Portal, Uganda

Wazee wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze kazi iliyonishughulisha karibu maisha yangu yote ya utafiti. Nitaieleza kwa Kiswahili, maana humu ndani tuko watu wa Bundibugyo, wa Kasese, wa hapa Tooro, na wageni wetu waliovuka mpaka kutoka Kongo, na hii ndiyo lugha inayotukutanisha sokoni kila siku.

Mimi nachunguza utando wa bakteria na madini yanayotokea ndani yake. Waliofika Sempaya, kwenye chemchemi za maji moto za Bundibugyo, wameuona: ule ute wa kijani na wa rangi ya machungwa uliotanda kando ya vijito vya maji moto. Waongoza watalii huwakataza wageni kuukanyaga kwa sababu unateleza na maji yanaunguza. Naomba mwongeze sababu ya tatu. Utando ule uko hai, na ndani yake kuna jiwe linaloumbika.

Sasa swali ambalo sijaliacha tangu nilipoanza: jiwe hilo kalitengeneza nani? Ni bakteria, au ni maji yenyewe na kemia yake?

Tuanzie hapo hapo Sempaya, eneo ambalo wanajiolojia huliita Buranga. Maji yanapanda kutoka chini ya Bonde la Ufa yakiwa yanachemka, yamebeba madini yaliyoyeyuka na gesi ya kaboni dayoksaidi. Yakishatoka nje, gesi inatoroka na uchachu wa maji unapungua. Hapo kalsiamu inaungana na kaboneti na kuganda kuwa jiwe la chokaa. Ukoko mweupe unaoukuta ndani ya birika nyumbani ni madini ya aina hiyo hiyo, na hakuna bakteria aliyeuweka. Kwa hiyo mtu akikuonyesha utando wa kijani juu ya jiwe jeupe akakwambia "bakteria ndio waliolijenga," mwombe ushahidi. Kukutwa mahali si kufanya kazi ya mahali hapo.

Ukifuata kijito kutoka kwenye chemchemi, utaona kwamba pale maji yanapobubujika hakuna kijani kabisa. Kijani kinaanza mbele, maji yakishapoa. Mmarekani Thomas Brock alichunguza jambo hili katika chemchemi za Yellowstone miaka ya 1960, na kazi yake ilionyesha kwamba usanisinuru unakoma kwenye nyuzijoto kama 73 za Selsiasi. Joto likizidi hapo, wanaoishi ni bakteria wasiotegemea mwanga. Mwaka 1966 yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata humo bakteria waliyemwita Thermus aquaticus, ambaye kimeng'enya chake hakiharibiki kwa joto kali. Baadaye kimeng'enya hicho ndicho kilichofanya PCR, kipimo kinachonakili DNA mara nyingi hadi ionekane, kiwe chepesi kutumika duniani kote. Sampuli za Covid zilizopimwa kwa PCR pale Entebbe zilitegemea njia iliyokuzwa na mdudu wa maji moto. Nawaambia haya kwa sababu kila mwaka kuna kijana ananiuliza utando huu una faida gani. Brock hakwenda Yellowstone kutafuta dawa wala kipimo. Alitaka kujua nani anaishi pale, na nchi inayokataa kulipia swali la namna hiyo inajinyima.

Turudi kwenye utando. Ukiukata kwa kisu kikali, pahali ambapo maji ya chumvi yametulia, unapata kipande cha unene wa kidole chenye matabaka. Juu ni kijani: hao ni sayanobakteria, wanaokula mwanga na kutoa oksijeni, na ukitazama vizuri mchana utaona vipovu vimenasa kwenye ute. Chini yake kuna mstari wa zambarau, bakteria wanaotumia mwanga lakini badala ya maji wanatumia gesi ya salfa. Chini kabisa ni nyeusi, na hapo pua inakwambia kabla ya jicho: harufu ya yai viza. Wakazi wa tabaka hilo hawana oksijeni, wanapumua salfeti, yaani chumvi yenye salfa, na gesi wanayoitoa ikikutana na chuma inakuwa madini meusi. Wachimba chumvi wa Katwe wanalijua tope hilo kuliko profesa yeyote, maana wanasimama ndani yake. Katikati ya matabaka kuna punje nyeupe, ndogo kuliko chembe za sukari. Dondoshea tindikali kidogo, zinatoa povu. Hiyo ni kaboneti.

Hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Mchana sayanobakteria wananyonya kaboni dayoksaidi, uchachu unapungua ndani ya utando, na kaboneti inaganda. Usiku mwanga haupo, wote wanapumua na gesi inarudi. Uchachu unapanda, na sehemu ya kilichojengwa inaweza kuyeyuka tena. Bakteria wa salfeti chini nao mara nyingi husaidia upande wa ujenzi. Halafu kuna ule ute wenyewe. Ukiwa mbichi unaikamata kalsiamu na kuizuia isigande. Bakteria wengine wakishaula, kalsiamu inaachiliwa na jiwe linatokea. Kwa hiyo ndani ya utando mmoja, siku hiyo hiyo, kuna wanaojenga, wanaozuia na wanaobomoa. Kinachobaki kuwa jiwe ni salio la hesabu yao.

Hesabu hiyo haipatikani kwa kutazama. Unaweka utando hai kwenye chupa moja, na kwenye chupa ya pili unaweka utando uliouua, maji yakiwa yale yale na joto lile lile. Kisha jozi nyingine gizani. Unapima mchana na unapima usiku wa manane, wenzako wakiwa wamelala. Utafiti wa utando usiokuwa na chupa ya wafu mimi siuamini, hata picha zake za hadubini ziwe nzuri namna gani.

Ukali huu una sababu. Magharibi mwa Australia kuna mawe yenye matabaka, stromatolaiti, ya miaka kama bilioni 3.4, na wengi tunakubali kwamba yalijengwa na tando za bakteria. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamepata mengine Greenland ya miaka bilioni 3.7. Miaka miwili baadaye Abigail Allwood na wenzake walichunguza mawe hayo hayo, wakaeleza kwamba maumbo yale yanaweza kuwa yametokana na miamba kukunjwa na kubanwa. Mjadala huo ni mkubwa, maana hapo tunazungumzia mwanzo wa uhai duniani. Hapa kwetu pia kuna somo. Mwamba wa Tororo, mashariki mwa Uganda, ni wa kaboneti, na umetumika kutengenezea saruji, lakini ulitokana na magma ya volkano. Mwanafunzi anayedhani kila kaboneti ni kazi ya viumbe apelekwe Tororo.

Upande wa pili kuna dolomaiti, madini ya kalsiamu na magnesi. Yamejaa katika miamba ya kale, lakini leo ni nadra kuyaona yakiumbika, na wanakemia walihangaika sana kuyatengeneza kwa joto la kawaida. Mwaka 1995 Crisogono Vasconcelos na Judith McKenzie walionyesha, kwa tope la wangwa wa Lagoa Vermelha huko Brazil, kwamba bakteria wa salfeti wanaweza kuyafanya yatokee. Hapo bakteria walistahili sifa, na walipewa kwa ushahidi.

Na Kasese? Pale tunao wabomoaji. Shaba ya Kilembe ilipochimbwa, mabaki ya pairaiti, madini ya chuma na salfa, yenye metali ya kobalti yalirundikwa uwandani kwa miaka mingi. Hewa, mvua na bakteria vikaigeuza pairaiti kuwa tindikali, ikatiririka ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth na kuacha ukanda ambao majani hayakuota. Mwaka 1999 kikafunguliwa kiwanda kilichowaweka bakteria wa namna hiyo kwenye matangi ili waile pairaiti na kobalti itoke. Kazi ile ile iliyoua majani nje, ndani ya tangi ikatoa metali ya kuuza. Wahandisi waliielewa vizuri. Ninachokililia ni kwamba vyuo vyetu bado vinamfundisha mwanafunzi wa mawe asimjue bakteria, na wa bakteria asishike jiwe.

Walimu, hamna haja ya kusubiri maabara. Chukueni chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga. Changanyeni tope la kinamasi na gazeti lililochanwachanwa na kiini cha yai la kuchemsha, jazeni karibu robo tatu, ongezeni maji ya kinamasi hicho hicho, mwache nafasi ya hewa juu, kifuniko kilegee. Njia hii inaitwa kwa jina la Mrusi Sergei Winogradsky, aliyechunguza bakteria wa salfa miaka ya 1880. Wekeni dirishani. Baada ya wiki sita hadi nane mtaanza kuona kijani, zambarau na nyeusi. Chupa ya pili ifungeni kwa karatasi nyeusi tangu siku ya kwanza, na watoto waandike tofauti kila Ijumaa.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Tuanze na mama aliyeinua mkono pale mbele.