Nani Anabaki Kumsubiri wa Mwisho?

Mwenyekiti, wanachama wenzangu, na ninyi wageni mliokuja leo kwa mara ya kwanza, karibuni sana.

Nimepewa dakika 40 nizungumzie mbio za klabu na zile jogingi za pamoja za kila wiki. Historia ya klabu sitaigusa, wengi wenu mmeiishi. Faida za kukimbia nazo nitaziruka. Asiyezijua asingeamka alfajiri kuja kufunga kamba za viatu gizani. Ninalo jambo moja. Nimelisema mikutanoni, nimelisema kwenye kundi la simu, nimelisema barabarani huku nahema, na leo nalirudia kwa sababu bado halijatendeka. Klabu inayomwacha mtu wa mwisho haina jogingi ya pamoja. Ina watu waliovaa fulana za rangi moja, kila mmoja anakimbia kivyake.

Nirudie kisa cha mkoba, maana nusu ya mliopo hamkukisikia.

Alikuja dada mmoja, mgeni. Ilikuwa Jumamosi, na kiongozi wa jogingi siku hiyo nilikuwa mimi. Njia ilikuwa ya kilomita 8. Kwenye tangazo tuliandika kwa herufi kubwa: mwendo wa kuzungumza, hakuna anayeachwa. Viatu vyake vilikuwa vipya kabisa, soli nyeupe hazijaonja vumbi, kamba amezifunga mafundo mawili mawili kama za mtoto siku ya kwanza ya shule. Akaniuliza, "Kaka, kweli mnasubiriana?" Nikamjibu, "Ondoa shaka, dada. Hapa umefika."

Kilomita ya kwanza tulikuwa naye. Ya pili, wawili wa mbele wakaanza kutafutana ubavu kama kawaida yao, wa tatu akaona asibaki, na mimi kiongozi, badala ya kuwaita warudi, nikawafuata. Tulipofika njia panda tukasimama kumsubiri. Tukavuta pumzi, tukanyoosha misuli, tukanywa maji, tukapiga soga. Baada ya kama dakika 4 akatokea, uso umeloa jasho, anatabasamu. Tukampigia makofi. Makofi hayajaisha, mmoja wetu akasema, "Haya, tumetimia, twendeni!" Tukaondoka.

Naomba mkae hapo hapo kwenye njia panda, msiende nami mbele kwanza. Tulikuwa watu 16. Watu 15 tulipumzika dakika 4. Mmoja hakupumzika hata sekunde 10. Na huyo mmoja ndiye aliyekuwa amechoka kuliko wote! Tulimsubiri, ndiyo, na kusubiri kwetu kukamzidishia mzigo, kwa sababu sisi tuliondoka na miguu mipya na yeye akaondoka na miguu ile ile. Njia panda ya pili alikuwa nyuma zaidi, na waliomsubiri walikuwa watatu tu. Ya tatu hakusimama mtu. Kila mmoja alidhani mwingine yuko naye.

Tulipomaliza tukapiga picha. Ndiyo, tulipiga picha ya pamoja na mtu mmoja yuko njiani. Mikoba yote ilikuwa kwenye gari la mwanachama mmoja, naye aliwahi kazini, kwa hiyo mkoba wa yule dada akauning'iniza kwenye komeo la geti na kuondoka. Nami niliondoka. Nilirudi kwa sababu nilisahau jaketi langu. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa barabara, mkoba mapajani, anahangaika kufungua yale mafundo mawili. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Samahani kaka, nimewachelewesha."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Hakurudi tena. Nilimpigia simu mara mbili, akapokea kwa heshima, akasema ana shughuli.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe saa ile ile ya kwanza, tukamwachia na shamba zima peke yake. Halafu kila mwisho wa mwaka tunakaa hapa tunaulizana kwa nini wanachama wapya hawadumu, kamati inaunda kamati, na mtu anapendekeza tubadilishe rangi ya fulana.

Haya, tufanye nini? Si mambo makubwa. La kwanza, kila jogingi iwe na mfunga msafara, mtu anayejulikana kwa jina kabla hatujaondoka, ambaye kazi yake siku hiyo ni kuwa nyuma ya kila mtu. Asiwe yule mwenye goti bovu aliyebaki nyuma kwa bahati mbaya. Awe mkimbiaji mwenye uwezo, mwenye simu yenye chaji, anayeijua njia. Mwendo wa mtu wa mwisho ukiwa kutembea, naye atembee. Na asitembee huku anatazama saa yake kila dakika! Mtu anaona, na akiona anajilazimisha kukimbia, na hapo ndipo misuli inapochanika.

La pili ni la njia panda. Muda wa mapumziko uhesabiwe tangu afike wa mwisho. Akifika, apewe maji, dakika 2 kamili zipite, kisha yeye ndiye aseme twende. Yeye, si aliyefika wa kwanza.

La tatu, wale wenye kasi wasisimame kabisa. Wageuze, warudi hadi kwa mtu wa mwisho, wapite nyuma yake, kisha waende mbele tena. Mwenye haraka atakimbia kilomita 11 pale mwenzake anapokimbia 8, wote watamaliza pamoja, na njiani wataonana mara tano au sita. Mtu wa nyuma akiona kundi linamrudia, hata mabega yake yanabadilika. Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye jogingi zile chache tulizofanya hivyo kabla hatujachoka na kurudia mazoea.

Najua mnachotaka kusema. Kuna ndugu yangu hapo nyuma ameshakunja mikono. "Mimi nina mashindano mwezi ujao, nikikimbia polepole nitapoteza mazoezi." Hupotezi kitu. Wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu, sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki ni za mwendo mwepesi, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Mwendo huo ndio unaoongeza vile vimishipa vidogo vya damu ndani ya misuli, ndio unaoimarisha moyo, ndio unaozoesha mwili kutumia mafuta. Anayekimbia kila siku kwa kasi ya wastani, si nyepesi si kali, anachoka kila siku na siku ya kazi ngumu hana cha kutoa. Mazoezi makali yana siku yake. Jumanne ni ya vipande vya kasi, njoo Jumanne, tuumizane. Jumamosi ni ya wote.

Mwingine ataniambia kukimbia ni mchezo wa mtu mmoja, kila mtu na miguu yake. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda ule haukuandikwa kama rekodi rasmi ya dunia, na mojawapo ya sababu ni kwamba alikuwa na wadhibiti kasi 41, yaani wakimbiaji wa kumshikia mwendo, waliokuwa wakipokezana. Kila wakati watu 7 walikuwa naye barabarani, 5 mbele wakimkingia upepo na 2 nyuma yake. Wawili nyuma! Huyo ndiye mwanadamu wa kwanza kumaliza umbali ule chini ya saa 2, na nyuma yake kulikuwa na watu waliopewa kazi ya kuwa nyuma. Yule dada mwenye viatu vipya hakuwa na hata mmoja.

Niingie kwenye mbio zenyewe, yaani mashindano yetu, maana muda unakwenda. Hapa watu huniambia, jogingi tumekuelewa, lakini mbio ni mbio, mshindi ni mshindi na anayevuta mkia avute. Sina ugomvi na mshindi. Apewe kombe lake, apigiwe makofi, apigwe picha. Ugomvi wangu ni kinachotokea saa nzima baadaye. Nimeshasimama kwenye utepe wa kumalizia nikaona meza ya maji inakunjwa, vipaza sauti vinazimwa, mtu anazungusha ule utepe mkononi kama kamba ya kuanikia nguo, na barabarani bado kuna watu wenye namba vifuani wanakuja. Hao ndio waliokaa juani muda mrefu kuliko wote. Aliyemaliza kilomita 21 kwa saa 1 na nusu amekunywa maji kila kituo. Aliyetumia saa 3 anakuta vikombe vilivyokanyagwa.

Mnaikumbuka hadithi ya John Stephen Akhwari. Tunaisimulia sana, na kila mara tunaisimulia kama hadithi ya ushujaa wa mtu mmoja. Mexico City, Oktoba 20, 1968, mbio za marathoni za Olimpiki. Mtanzania huyu alianguka njiani, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani baada ya zaidi ya saa moja, giza limeingia, mguu umefungwa bandeji, anachechemea, akamaliza wa 57 na wa mwisho. Ushujaa wake haupunguzwi na neno langu lolote. Lakini mimi huwatazama wale wengine. Waliokuwa wamebaki kwenye majukwaa ni watu elfu chache tu, na walimshangilia. Kulikuwa na watu wenye kamera waliosikia kwamba bado kuna mtu njiani, wakawahi kumpiga picha. Kwa sababu hao walibaki, leo miaka zaidi ya 50 baadaye mtoto aliyezaliwa juzi anaweza kuona hatua zile. Wangeondoka wote na kuzima taa, Akhwari angemaliza vile vile, kwa maumivu yale yale, na sisi tusingejua. Ndiyo maana nawauliza, kwenye mbio zetu nani anabaki?

Mtu asiniambie haiwezekani. Oktoba 2, 2004, watu 13 walikimbia kilomita 5 kwenye bustani ya Bushy Park, London. Leo mbio hizo zinaitwa parkrun na zinafanyika kila Jumamosi katika nchi nyingi, bila kiingilio, zikiendeshwa na watu wa kujitolea. Kila moja ina mtu wa kujitolea anayetembea nyuma ya wote na kuvuka mstari baada ya wote. Jina la mwisho kwenye orodha ni lake, kwa makusudi, kila wiki. Hakuna mshiriki anayefungua matokeo akakuta ameshika mkia. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mashine. Inahitaji mtu mmoja asiyeona aibu.

Na kama kuna kikomo cha muda, kwa sababu barabara lazima zifunguliwe, sawa, kitangazwe siku mtu anapojiandikisha, na kiheshimiwe hadi dakika yake ya mwisho. Mkisema saa 3, basi saa 2 na dakika 59 maji yawepo mezani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine, nitayataja haraka.

Kupima njia. Kila mwaka watu wanakuja kugomba kwamba saa zao za mkononi zimesoma kilomita 10 na mita 100, kwa hiyo njia ni ndefu. Njia hupimwa kwa baiskeli iliyosawazishwa, kwa mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Ninyi mnazunguka kona kwa nje, mnapita watu kushoto na kulia, na saa nayo inabahatisha kati ya majengo. Njia iko sawa.

Kupanga watu mwanzoni. Anayetembea asisimame mstari wa mbele, ataangushwa. Muda wake uhesabiwe na kile kifaa cha namba kifuani kuanzia anapovuka mstari, si tangu mlio wa bastola, na hapo hatakuwa na sababu ya kusukumana.

Usalama wa dada zetu alfajiri ulistahili mhadhara wake. Kwa leo niseme tu kwamba dada anapoachwa nyuma gizani, hilo si suala la kasi tena. Nilitaka pia kuzungumzia viatu, niache.

Jumamosi hii tunaondoka saa 12 asubuhi, kilomita 8, njia ile ile ya siku ya mkoba. Wageni wanne wameshajiandikisha. Nahitaji wafunga msafara wawili ili mmoja akilazimika kusimama na mtu, mwingine aendelee na wa mbele yake. Karatasi iko hapa mezani, na kalamu iko juu yake. Mstari wa kwanza nimeandika jina langu. Wa pili uko wazi, na mlangoni sitoki mpaka ujazwe.