Kumtoa mgonjwa wa kiharusi kitandani mpaka kwenye wilchea bila kuumiza mgongo wako

Haya jamani karibuni tena, leo tunamhamisha mgonjwa aliyepooza upande mmoja, kitandani kwenda kwenye wilchea, maana video mnazonitumia naona mama wa watu kabebwa kama gunia la mkaa halafu jioni aliyembeba ndo anatafuta dawa ya kuchua. Mgonjwa wetu ni shemeji, mzima kabisa, ila kakubali kupooza kushoto mpaka chakula kiive. Shemeji acha kucheka, umepooza.

Kiti kwanza. Kikae upande wake wenye nguvu, kwa shemeji ni kulia, kikielekea kitanda kwa mshazari, nyuzi 30 mpaka 45 hivi. Breki funga, zote mbili. Vya kukanyagia miguu vitoe. Mgonjwa avae viatu vinavyoshika, siyo soksi juu ya tailizi, na kandambili mi hapa sizitaki kabisa.

Kumkalisha nakimbiza: magoti yakunje, mgeuze bega na nyonga kwa pamoja, miguu ishuke kitandani, mkono wako mmoja nyuma ya bega mwingine nyongani, miguu ikishuka yeye anapanda. Ila mkono uliopooza usivute. Narudia, USIVUTE. Misuli inayoshikilia bega imelegea, ukivuta bega linashuka kwenye kiungo chake na hayo maumivu hayaishi leo wala kesho. Na kumnyanyua kwa kwapa pia hapana.

Akishakaa msubiri dakika moja mbili, presha inaweza kushuka akapata kizunguzungu. Mwangalie usoni, akisema anaona giza mrudishe alale.

Ngoja ngoja, simu imeteleza mnaona dari tu. Dogo shika hapo, shusha, shusha tena, nataka miguu yangu ionekane, miguu ndo somo lenyewe.

Sawa. Mkanda wa kumshikia mgonjwa unapita kiunoni kwake juu ya nguo, ubane ila vidole vyako vipenye. Huu nashona mwenyewe, turubai, una vishikio, elfu kumi na tano, na hata usiponunua basi usifunge kanga, fundo linateleza. Aliyepasuliwa tumbo karibuni usimfunge, muulize kwanza fizio wake, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Sasa mwili wako. Simama karibu naye sana, ukiwa mbali uzito unaongezeka. Miguu ipanuke sawa na mabega, mmoja mbele kidogo, kunja magoti na nyonga, mgongo unyooke. Wengi wananyoosha miguu wanainama kiuno, hapo mzigo wote unaenda mgongo wa chini. Goti langu nimelikinga mbele ya goti lake la kushoto lisije likakunja ghafla. Yeye asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma, ainame mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, utaona makalio yanaanza kuwa mepesi. Asikushike shingo! Mkono wake mzima, ule usiopooza, usukume godoro.

Kubalianeni mnanyanyuka kwenye tatu au baada ya tatu. Moja, mbili... mnaona, shemeji kaamka kwenye mbili, anajifanya kapona. Tunarudia. Moja, mbili, tatu, juu. Kugeuka ni kwa hatua ndogo ndogo za miguu, kiuno usikisokote, vidole vyako na kifua chako vielekee upande mmoja. Akishahisi kiti nyuma ya miguu, mkono mzima ushike kiti, wewe kunja magoti umshushe taratibu.

Dogo leta kamera huku. Huu mkono wa kushoto mnaona ulikoangukia? Kando ya gurudumu. Yeye anaweza asihisi, ukisukuma kiti unausaga. Weka mto mapajani, mkono juu ya mto, halafu ndo rudisha vya kukanyagia miguu.

Na kama mgonjwa hajikazi hata kidogo, usifanye hii peke yako. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, kikomo chake cha kumnyanyua mgonjwa kwa mikono ni kama kilo 16, na mtu mzima aliyelegea anapita hapo mbali, kwahiyo ita mtu wa pili au tafuta mashine ya kunyanyulia.

Kurudi kitandani ni hivi hivi, ila kiti kigeuze, upande wenye nguvu ndo utangulie tena.