"Said": kitenzi kimoja katika magazeti ya vyuo vya Marekani

Ndugu zangu, habari za mchana. Mmeniomba nizungumzie Kiingereza cha magazeti ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, nami nimechagua neno moja tu: said. Alisema. Fungueni The Harvard Crimson, gazeti la tangu 1873, au Yale Daily News la tangu 1878. Mtalikuta tena na tena katika habari ileile, na hakuna mhariri anayelalamika.

Mwandishi mgeni hushangaa. Sekondari alifundishwa kuwa kurudia neno ni umaskini wa msamiati, basi anakuja na explained (alieleza), noted (alibainisha), claimed (alidai), admitted (alikiri). Mhariri, ambaye naye ni mwanafunzi tu, anavifuta vyote na kuweka said. Mwongozo wa uandishi wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, unaofuatwa na mengi ya magazeti hayo, uko upande wake.

Tuseme bweni limevuja. Mkuu wa wanafunzi anaulizwa, anajibu kwamba ofisi yake ilipata taarifa Jumatatu. Ukiandika said, umeripoti. Ukiandika claimed, umemnong'oneza msomaji asimwamini. Admitted inamtia hatiani, kana kwamba alikuwa anaficha kitu. Noted ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu, kwa sababu inaonekana ya kistaarabu: inayapokea maneno ya mkuu kama ukweli uliokwisha kuthibitishwa. Na nani? Huenda taarifa ilifika Ijumaa iliyotangulia na ikakaa mezani.

Kwa gazeti la chuo, jambo hili ni zito kuliko kwa gazeti la mjini. Anayenukuliwa leo huenda ndiye atakayesahihisha mtihani wa mwandishi wiki ijayo, au analala chumba cha pili. Akipendelewa, chuo kizima kitajua. Akionewa, watakutana kwenye foleni ya chakula. Said inawakinga wote wawili.

Mpangilio nao una kanuni yake: jina kwanza, kitenzi baadaye, ila pale cheo kirefu kinapofuata jina. Hilo mtalizoea.

Sisi wa magazeti ya Kiswahili tuna "alibainisha", "alisisitiza" na "alifafanua", na wengi wa waheshimiwa tunaowanukuu hivyo mnajua hawakubainisha lolote.

Sasa, said ina mipaka. Yale Daily News wanapenda kuandika told the News (aliliambia News), yaani maneno hayo kaambiwa mwandishi wetu mwenyewe, hayakuokotwa kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Barua pepe ndiyo iliyoleta ugomvi. Mwaka 2012 The Daily Princetonian, gazeti la wanafunzi wa Princeton, lilitangaza kuacha mahojiano ya barua pepe, maana majibu yalikuwa yakija yamepigwa pasi, hayana sauti ya mtu. Mwaka huohuo Crimson likawazuia waandishi wake kukubali sharti la mhojiwa kupitia nukuu zake kabla hazijachapishwa, isipokuwa kwa ruhusa ya mhariri mtendaji.

Tukirudi kwenye barua pepe, katika Crimson mtakuta wrote in an email (aliandika katika barua pepe) pale maneno yalipotoka kwenye barua pepe. Msomaji mzoefu akiona said, anajua mwandishi na mhojiwa walizungumza, na mwandishi alikuwa na nafasi ya kuuliza swali la pili. Akiona wrote, anajua huenda swali hilo halikuulizwa.