Korosho Ibanguliwe Hapa Hapa Mtwara

Ndugu zangu, ahsanteni. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: korosho.

Jirani yangu kule Mikindani anabangua uani kwake. Anazikaanga kwenye bati lililotobolewa matundu, moto unashika mafuta ya maganda, moshi mweusi, watoto wanafukuzwa. Zikipoa anajipaka majivu viganjani, maana mafuta yale yanababua ngozi. Anaisimamisha korosho juu ya jiwe, anaigonga kwa kijiti. Pigo likizidi, punje inapasuka, na iliyopasuka haipati bei ya nzima. Bado aikaushe, amenye ngozi ya ndani kwa kucha. Kilo nne za ghafi humpa kilo moja hivi ya kula. Sasa niambieni: tukipakia ghafi pale bandarini kwenda India na Vietnam, kazi yote hiyo anaifanya nani? Mwenzetu wa huko, naye ndiye anayelipwa. Tumeuza korosho, ajira tumeitoa bure!

Najua mtu ataniambia, "Mzee, viwanda si tulijengewa?" Tulijengewa, miaka ya 1970 na 1980, na vingi vikaishia kuwa maghala. Lakini huyu mama hajasubiri kiwanda. Anasubiri mnunuzi, na mnunuzi ni mimi na wewe.

Mwingine atasema za dukani zina pakiti nzuri. Pakiti hailiwi! Mwaka jana nilikaa kwenye kikao hapa mjini, mwezi wa kumi na moja, msimu umepamba moto, mezani tumewekewa biskuti zilizosafiri kutoka Dar es Salaam. Nikauliza korosho ziko wapi. Kimya. Ningeweza kulia. Kilo mbili tu za yule mama zingetosha meza nzima, na jioni ile ile hela ingefika kwa muuza samaki, kwa mwenye makopa, kwa fundi baiskeli aliye nyuma ya nyumba yake. Ingelala Mikindani.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema habari ya chumvi yetu, ya ming'oko, vile viazi vya porini, ambayo vijana wanaionea aibu, na ufuta wa Lindi unaoondoka kwa magunia huku sisi tukinunua mafuta ya kupikia ya mbali. Siku nyingine.

Ila nje pale getini wapo akina mama watatu na masinia yao, nimewaomba wasiondoke. Mmoja anazo za kukaanga kwa chumvi, vifuko vya robo kilo. Tukitoka tupitie kwao, kabla giza halijaingia.