Alama ya Ayoni Moja Juu ya Utando wa Kaboni

Mwenyekiti, wenzangu, na wageni mliofika,

Tuanze na ayoni moja tu, yaani atomi yenye chaji ya umeme. Ni ya dhahabu, imepokonywa elektroni zake nyingi, na nishati yake ni megaelektronivolti 900 hivi (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati, na megaelektronivolti moja ni elektronivolti milioni moja). Inakwenda kwa takriban sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga. Kazi ya kusukuma ayoni nzito kufikia kasi za namna hii hufanywa na mashine kubwa kama zile za vituo vya utafiti vya GSI huko Darmstadt, Ujerumani, na GANIL huko Caen, Ufaransa. Mbele ya ayoni yetu tumeweka utando wa kaboni wenye unene wa nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Itaupita na kutokea upande wa pili kabla femtosekunde 5 (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde) hazijaisha, na itakuwa imeacha humo megaelektronivolti 2 hivi kati ya zile 900.

Ni kidogo, mtasema. Haya, gawanyeni. Ni elektronivolti 20,000 kwa kila nanomita ya njia, na kifungo kimoja cha kaboni kwa kaboni huvunjika kwa elektronivolti 4 hivi. Nishati hiyo yote imemwagwa ndani ya mstari mwembamba kuliko chochote tunachoweza kukichonga kwa mkono.

Kwa kasi hii ayoni haigongani sana na viini vya atomi. Inavuruga elektroni, na ni elektroni hizo zinazopasha moto atomi baadaye, ndani ya kipindi cha pikosekunde moja hivi, yaani femtosekunde 1,000. Wako wanaosema kwamba atomi zilizobaki bila elektroni husukumana kwa chaji zao kabla joto halijafika. Mimi naegemea upande wa joto, ingawa sioni kwa nini njia moja iifute nyingine.

Sasa, sindano ikipita kwenye kitambaa huacha tundu. Watu wengi hutazamia hivyo hapa pia. Lakini ukipitisha hadubini ya kani ya atomi, ambayo hupapasa uso kwa ncha kali, juu ya utando wa kaboni inayofanana na almasi, unakuta kinundu chenye kimo cha nanomita chache. Kila ayoni na kinundu chake.

Uso umeinuka kwa sababu ya kilichotokea chini yake. Katika utando mgumu wa aina hii, atomi hadi 80 katika kila 100, pengine zaidi, zimeshikana na majirani wanne kila moja, kama ilivyo katika almasi. Pale ayoni ilipopita, nyingi hujipanga upya na kushika majirani watatu, kama katika grafiti. Almasi ina gramu 3.5 kwa sentimita ya ujazo. Grafiti ina 2.3 hivi. Atomi ni zilezile, ila sasa zinataka nafasi kubwa zaidi. Pembeni zimebanwa na utando ambao haukuguswa. Njia iliyo wazi ni ya juu, kwa hiyo zinafura kuelekea huko.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo tamu zaidi. Grafiti hupitisha umeme, utando wenyewe haupitishi au hupitisha kwa shida. Ncha ya hadubini ikiwa ya kupitisha umeme, mkondo unaonekana unaruka juu ya kila kinundu. Maana yake kinundu ni kichwa cha uzi wa umeme wenye kipenyo cha nanomita 8 hivi, unaoteremka hadi chini ya utando. Ndiyo maana watu wanaotafuta vyanzo vidogo vya elektroni wanazitazama nyuzi hizi kwa hamu.

Grafiti yenyewe ni ngumu zaidi kuitia alama. Elektroni zake husambaza nishati upesi kabla haijawa joto la mahali pamoja, na alama zinapotokea mara nyingi huwa za vipande vipande.

Nimalizie na kipimo, yaani idadi ya ayoni zinazopigwa kwa kila eneo, kwa kuwa hapa ndipo ripoti nyingi hukosana. Tupige ayoni bilioni 10 kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ni 100 kwa kila mikromita ya mraba, na kwa kipenyo cha nanomita 8 tumebadilisha nusu ya asilimia moja tu ya uso. Hadubini itaziona zote. Spektroskopia ya Raman, ambayo husoma vifungo vya atomi kwa mwanga wa leza na hutoa wastani wa doa zima la leza hiyo, itasema karibu hakuna kilichobadilika. Tuzidishe mara 100: hesabu ya haraka inatoa asilimia 50, lakini jibu ni 39 hivi, kwa kuwa baadhi ya ayoni huangukia palipokwisha kupigwa. Tuzidishe tena mara 10, na sehemu ambayo haijaguswa haifiki asilimia moja. Sasa Raman inaonyesha mabadiliko wazi kabisa, na hadubini haiwezi tena kutenga kinundu kimoja na kingine. Kwa hiyo mtu akiniletea picha ya uso "uliobadilika", kwanza namuuliza alipiga ayoni ngapi.

Karibuni kwa maswali.