Uchumi Unakua, Laki Ile Ile: Asilimia Sita Inaishia Wapi?

*Mhadhara kwa wawakilishi wa wafanyakazi, Tanga*

Ndugu mwenyekiti, ndugu wawakilishi wa matawi, asanteni kwa kunikaribisha.

Mmeniomba nizungumzie pato la taifa na maisha ya mfanyakazi. Naanza na mfanyakazi wa shambani, kwa kuwa wengi humu mnatoka kwenye mkonge na chai, na kwa kuwa hesabu yake haina pa kujificha.

Julai 2013, amri ya mshahara kwa sekta binafsi iliweka kima cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi kwa kazi za kilimo. Amri iliyofuata ilianza kutumika Januari 2023, ikaweka 140,000. Hapo katikati ni miaka tisa na nusu. Sheria haikumkataza mwajiri kulipa zaidi, lakini nyie ndio mnaojua ni wangapi waliofanya hivyo.

Tupige hesabu. Tuseme bei zilipanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka, na hapo nawapunguzia, maana miaka ya mwanzo ya kipindi hicho zilipanda zaidi. Kilichouzwa laki moja mwaka 2013 kinafika kama 145,000 mwisho wa 2022. Maana yake, mfanyakazi wa kima cha chini alipoongezewa ile 40,000 alikuwa bado hajarudi pale alipokuwa mwaka 2013. Na miaka yote ya katikati, laki yake ilikuwa ile ile huku unga, nauli na karo vikipanda. Katika miaka hiyo hiyo uchumi wa Tanzania ulikua kwa wastani wa kama asilimia 6 kwa mwaka, jumla yake zaidi ya nusu, tukishaondoa kabisa upandaji wa bei.

Huyu mtu hakuwa amelala. Alikuwa kazini, na jasho lake limo ndani ya ule ukuaji.

Najua mtaani watu husema takwimu zinapikwa. Mimi sitaki tuishie hapo, kwa sababu tukishasema takwimu ni uongo, mjadala umekufa. Pato la taifa linapima thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini. Haliulizi nani alilipwa nini. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa la Marekani, aliliandikia hilo Bunge la nchi ile katika ripoti ya 1934 yenye makadirio hayo: kwamba ni vigumu kukisia ustawi wa taifa kwa kuangalia kipimo cha pato lake. Onyo lilitolewa na mwenye kipimo mwenyewe.

Basi tuifuate ile asilimia 6. Sensa ya 2012 ilitukuta milioni 44.9, ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa 6, zaidi ya nusu ya ukuaji huo inakwenda kuwahudumia waliozaliwa, na kwa kila kichwa inabaki chini kidogo ya 3. Hiyo ni kabla hatujauliza inagawanywaje.

Na inagawanywa kwa kufuata mahali ukuaji unapotokea. Dhahabu inakua, ujenzi unakua, benki zinakua. Kilimo, ambacho ndiko waliko wengi wa wanaofanya kazi nchi hii, kimekuwa kikikua kwa asilimia 3 hadi 4 na kidogo tangu 2021. Mgodi mkubwa unaweza kuongeza uzalishaji kwa kununua mitambo bila kuongeza watu wengi, na sehemu ya faida yake ikatoka nje ya nchi kihalali kabisa kwenda kwa wenye hisa. Yote hayo yanahesabiwa ndani ya pato la Tanzania.

Tuangalie na umaskini. Kati ya 2011/12 na 2017/18, uchumi ukikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Miaka sita, haifiki hata pointi mbili. Na mstari wenyewe wa umaskini ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, sawa na kama 1,650 kwa siku: chakula, pango, sabuni, nauli, dawa, kila kitu humo humo. Aliyeuvuka mstari huo kwa shilingi kumi hakuhesabiwa maskini.

Wenzetu wa mjini nao wasione haya ni ya shambani. Mtazameni saidia fundi kwenye ghorofa linalopanda. Ndoo za zege anazopandisha begani ni sehemu ya ukuaji wa sekta ya ujenzi. Analipwa kwa siku, na siku ya mvua hakuna kitu. Akitoka anapitia dukani kununua unga robo, mafuta ya kula ya kupimiwa, mkaa wa kopo. Ukijumlisha vile vipimo vidogo, lita moja ya mafuta inamgharimu zaidi kuliko anayenunua dumu zima. Hana uwezo wa dumu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hivyo anaingia kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa, na kuanzia hapo sehemu ya kibarua chake cha kila siku ina mwenyewe. Mfumuko wa bei wa taifa ukiwa asilimia 3.1, kama ulivyokuwa kwa wastani mwaka 2024, hiyo ni habari njema kweli, lakini ni wastani wa kapu la bidhaa na huduma linalotumika kupima bei, ambalo chakula hakifiki hata theluthi. Kapu la huyu bwana karibu lote ni chakula na pango.

Amri mpya ya mshahara imeanza Januari 2026, na safari hii pengo ni miaka mitatu badala ya tisa na nusu. Naipongeza kwa dhati. Lakini saidia fundi asiye na mkataba haimfikii, mpaka mtu aende kule kwenye ghorofa akamwandikishe. Hiyo ni kazi yenu, na naomba msiikwepe kwa kisingizio kwamba hana kadi ya chama cha wafanyakazi.

Jambo la mwisho. Bei tunatangaziwa kila mwezi. Pato la taifa, kila robo mwaka. Lakini utafiti wa nguvu kazi, ule unaomfikia hadi kibarua na machinga, ulifanyika 2006, ukafuata 2014, kisha 2020/21. Tunachokipima mara kwa mara ndicho kinachosomwa bungeni. Dai langu ni kwamba kipato cha wasio na ajira rasmi nacho kipimwe kila mwaka, na kisomwe siku ile ile inaposomwa asilimia ya ukuaji. Wakati tunalisubiri hilo, kila tawi lianze daftari lake: bei ya sembe, mafuta ya kupimiwa, nauli, chumba kimoja, tarehe ile ile kila mwezi. Mkiingia kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora, ule wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, wekeni daftari hilo mezani kabla mwajiri hajataja asilimia yoyote.

Karibuni kwa maswali. Nitapenda tuanze na wenzetu wa mashamba.